Hewa ya Goma: Mlima, Ziwa na Majira ya Mwaka

Wanafunzi wenzangu, nanyi kaka zetu mliokwisha kumaliza masomo hapa, katika kurasa za Kiswahili za gazeti letu tumezoea kusoma habari za mpira, za safari na za sikukuu. Mimi leo naomba nafasi niandike habari za hewa. Mtu aweza kukaa siku nyingi bila chakula, na siku mbili tatu bila maji, lakini bila hewa njema hamalizi dakika kumi. Walakini tukitaka kununua kiwanja twauliza bei, twauliza maji yako wapi, twauliza barabara i mbali kiasi gani. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza, "Hewa ya hapa alfajiri ikoje?" Katika mji wetu wa Goma swali hilo si la mchezo, na sababu yake ndiyo nitakayoieleza.

Maneno yangu yote yasimama juu ya kanuni moja. Hewa hutiririka kama maji. Ile iliyo baridi, na ile iliyo nzito kwa asili yake, hushuka, hujaa mashimoni na mabondeni, na hukaa humo mpaka upepo au jua vije viiondoe. Aliyeishika kanuni hii ataelewa kwa nini mahali pamoja pana hewa njema saa nane za mchana na hewa ya kuua saa kumi na moja za alfajiri, na kwa nini moshi watusumbua Julai kuliko Aprili.

Umbo la nchi yetu

Goma iko kwenye ukingo wa kaskazini wa Ziwa Kivu, kusini kidogo ya ikweta, mahali penye kimo cha meta 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Ziwa lenyewe liko kwenye meta 1,460. Kaskazini ya mji, mwendo wa kilometa zipatazo 15 hadi 20, umesimama mlima Nyiragongo wenye meta 3,470, na nyuma yake Nyamulagira wenye meta 3,058. Yote miwili ni volkeno zilizo hai. Magharibi iko milima ya Masisi, na mashariki, mara tu ukivuka mpaka, ni Gisenyi na vilima vya Rwanda. Sote tumo ndani ya Bonde la Ufa. Basi mji wetu umekaa kama kitu kilichowekwa chini ya bakuli, nyuma yake milima na mbele yake maji.

Juu ya nchi hii lava imemwagika mara nyingi. Wazee wanakumbuka Januari 10, 1977. Wazazi wetu wanakumbuka Januari 17, 2002, lava ilipopita katikati ya mji hata ikaingia ziwani, na watu wapatao 120,000 wakakosa makazi. Sisi wenyewe twakumbuka usiku wa Mei 22, 2021. Lava ikishapoa haiachi uwanja ulio sawa. Huacha nyufa, mapango, na mashimo mengi, mengine madogo kama chumba, mengine makubwa kama kiwanja cha mpira. Mashimo hayo yakumbukwe, maana nitayarudia.

Sasa tutazame mwendo wa hewa kwa siku moja. Mchana jua huichoma ardhi yetu nyeusi, nayo hupata joto upesi. Hewa iliyo juu yake hupata joto pia, huwa nyepesi, hupanda. Ziwa halipati joto upesi namna hiyo, basi hewa ya ziwani ambayo ni baridi zaidi huja kuijaza nafasi iliyoachwa. Ndiyo sababu alasiri twaona upepo ukitoka ziwani kuja mjini. Upepo huo na ule mpando wa hewa hukoroga kila kitu, na moshi wetu huchukuliwa juu na kutawanyika.

Usiku mambo hugeuka. Ardhi hupoteza joto lake upesi kuliko ziwa. Hewa iliyoigusa ardhi hupoa, huwa nzito, huanza kuteremka toka mlimani kwenda ziwani, pole pole, kama maji yafuatayo mfereji. Ikikuta shimo hutua humo. Kwa desturi kadiri mtu apandavyo mlima ndivyo baridi izidivyo, kiasi cha nyuzi 6 hivi za sentigredi kwa kila meta 1,000. Lakini usiku mtulivu usio na mawingu, hewa iliyo chini kabisa yaweza kuwa baridi kuliko ile iliyo juu yake kidogo. Hapo hewa ya juu huwa kama kifuniko juu ya sufuria. Moshi ukipanda hukigonga kifuniko hicho, hauna njia, hurudi kutandaa juu ya mapaa. Kifuniko huvunjika jua likishachoma ardhi vya kutosha, mara nyingi saa tatu au saa nne za asubuhi.

Mtu asidhani kwamba jambo hili ni dogo. Desemba 1930, katika bonde la mto Meuse nchini Ubelgiji, kifuniko cha namna hiyo kilikaa siku kadhaa juu ya viwanda, na watu zaidi ya 60 wakafa. Oktoba 1948 jambo kama hilo liliupata mji mdogo wa Donora, huko Marekani, ambao nao umo bondeni, wakafa watu 20. Viwanda vile vilikuwa vikitoa moshi mwaka mzima, na watu walikuwa wakiishi. Kilichowaua ni moshi ule kukosa mahali pa kwenda.

Mazuku

Chini ya ardhi yetu mna gesi itokayo katika volkeno. Iliyo nyingi ni kaboni dioksidi, ndiyo ile ile tuitoayo tunapopumua, na ndiyo ifanyayo mapovu katika chupa ya soda. Haina rangi, na pua haiitambui. Katika hewa ya kawaida imo kidogo sana, kama sehemu 4 katika 10,000. Lakini uzito wake ni kama mara moja na nusu ya uzito wa hewa. Basi ikitoka ardhini mahali palipo wazi, upepo huichukua na kuitawanya, wala haina madhara. Ikitoka ndani ya shimo, hujaa humo kama maji ya mvua.

Shimo la namna hiyo, pamoja na hiyo gesi iliyomo, ndiyo tuyaitayo mazuku. Msomaji wa pwani atalisikia neno hilo kama ndugu ya mizuka, na kweli wazee wetu walisema ni upepo mbaya utembeao usiku na kuua. Tusiwacheke. Walijua mahali pake na walijua saa zake, nayo ndiyo mambo mawili yamfaayo mtu kuyajua ili aishi. Kilichobaki kwa elimu ya leo ni kutaja jina la gesi na kueleza kwa nini saa zake ni hizo.

Mazuku yako mengi upande wa magharibi wa mji, kandokando ya ziwa, toka Himbi na Kyeshero hata kupita Lac Vert na Bulengo kuelekea Sake. Katika baadhi yake gesi hiyo imepimwa ikaonekana kuzidi nusu ya hewa yote iliyomo. Mtu akivuta hewa yenye sehemu 10 katika 100 za gesi hiyo, hupotewa na fahamu katika dakika chache. Ikiwa nyingi zaidi, pumzi chache tu zatosha kumwangusha. Mchana upepo wa ziwani hulifagia shimo, na gesi hupungua au hushuka hata chini kabisa. Usiku upepo ukitulia, gesi hupanda tena, na alfajiri kabla ya jua ndipo shimo linapokuwa limejaa. Kwa hiyo mtu aweza kupita hapo mchana mara mia akaona majani na mawe tu.

Mwalimu wetu wa kemia alitufundisha jambo hili kwa mishumaa mitatu. Aliisimamisha ndani ya beseni, mmoja mfupi, mmoja wa kadiri, mmoja mrefu, akaiwasha yote. Kisha akatia siki na magadi katika jagi, na mapovu yalipotulia akaliinamisha jagi juu ya beseni pole pole, siki isimwagike. Hatukuona kitu kikitoka. Lakini mshumaa mfupi ulizimika, halafu ule wa kadiri, na mrefu ukabaki ukiwaka. Mwalimu akatuuliza, "Nyumbani kwenu mfupi ni nani?" Tukajibu kwamba ni mtoto, na mbuzi, na mtu aliyelala chini. Akasema, "Basi hao ndio mazuku huanza nao." Baba aweza kusimama mlangoni, kichwa chake kiko katika hewa njema, wala asijue kwamba mtoto aliyelala mkekani anavuta hewa nyingine.

Jambo la kuogopesha kupita yote ni huruma. Mbuzi huingia shimoni kufuata majani, huanguka. Mchungaji humwona, hushuka kumwinua, naye huanguka. Ndugu yake husikia kelele, hushuka kumwokoa, huanguka juu yao. Ndivyo gesi hii iuavyo watu zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja. Anayetaka kumwokoa mwenziwe asishuke. Apige kelele watu waje, wamvute kwa kamba au kwa mti mrefu wakiwa wamesimama juu. Na mtu asiutumaini mshumaa kuwa kipimo, akisema kwamba maadamu unawaka hakuna hatari. Mshumaa huendelea kuwaka katika hewa ambayo imekwisha kuanza kumlevya mtu.

Wala si sisi peke yetu tulio na mashimo ya namna hii. Karibu na mji wa Naples, huko Italia, ambao nao uko jirani na volkeno, kuna pango liitwalo Pango la Mbwa. Zamani wageni walipelekwa kutazama. Mwenye kuongoza aliingia na mbwa wake; yeye alisimama bila kudhurika, na mbwa aliyekuwa chini akazimia. Kanuni ni ile ile ya mishumaa mitatu.

Nitoe mfano mmoja wa kwetu. Baba yangu mdogo alitaka kiwanja upande wa magharibi. Alionyeshwa kimoja chenye bei nafuu, kiko chini kidogo kuliko vingine, kimekingwa na upepo, karibu na ziwa. Alikwenda adhuhuri, akakipenda. Mama mmoja mzee wa jirani alimwambia, "Mwanangu, rudi hapa kabla ya jua, usishuke, simama hapo juu utazame." Tulikwenda pamoja asubuhi ya pili. Pale chini tuliona ndege wawili wamekufa na vyura kadhaa, hawana jeraha lo lote. Baba mdogo alimshukuru yule mama, akanunua kiwanja kidogo zaidi kwa bei kubwa zaidi, juu ya mwinuko. Mpaka leo wako watu wamsemao kwamba alipoteza fedha.

Kabla ya kutoka katika habari za gesi hii, yafaa kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Ziwa Kivu nalo lina kaboni dioksidi nyingi sana, pamoja na gesi ya methani, lakini gesi hizo zimeyeyuka katika maji ya chini kabisa na zimebanwa huko na uzito wa maji yaliyo juu. Hazitoki na kuingia mashimoni petu. Rwanda hutoa methani hiyo ziwani kwa mtambo ili ipate umeme. Wataalamu hulichunguza ziwa kwa uangalifu kwa kuwa Agosti 1986, nchini Kameruni, ziwa dogo la Nyos lilitoa gesi yake kwa ghafula, na watu wapatao 1,700 wakafa usiku mmoja. Lakini mazuku ni habari nyingine. Hutoka katika nyufa za ardhi, tena kila siku.

Moshi wa mlima

Gesi ya pili hutoka juu, katika vinywa vya Nyiragongo na Nyamulagira. Humo mna mvuke wa maji, kaboni dioksidi, na gesi ya kiberiti iwashayo koo na macho. Siku nyingine hutoka nyingi, siku nyingine kidogo. Kwa kuwa katika kimo kile pepo za nchi zetu huvuma zaidi toka mashariki, wingu hilo mara nyingi huelekea magharibi, juu ya Rusayo, Sake na Masisi. Kwa hiyo sisi tulio chini ya mlima kusini yake, siku nyingi huuona moshi bila kuuvuta, na ndugu zetu wa magharibi ndio wauvutao. Upepo ukibadilika, hufika kwetu nasi tukakohoa.

Hapa majira ya mwaka yana kazi ya ajabu. Twajua kwamba mvua huosha hewa. Lakini kitu kilichooshwa hakipotei, huingia katika maji ya kuoshea. Mvua ikipita katika wingu la mlima huchukua ile gesi ya kiberiti na nyingine iitwayo floraini, ikafika chini ikiwa chungu kama maji ya ndimu. Huunguza majani ya maharagwe na hula mabati ya nyumba. Tena nchi ya lava haishiki maji, mito ni haba, na watu wengi wa vijijini hukinga maji ya mvua toka mapaani ili wanywe. Floraini ikizidi katika maji huharibu meno ya watoto, yakawa na madoa ya hudhurungi, na ikiendelea miaka mingi huharibu mifupa. Kuyachemsha maji huua wadudu, lakini hakuiondoi floraini, maana maji ndiyo yapunguayo kwa mvuke, nayo hubaki. Kwa hiyo mwenye pipa aiache mvua ya kwanza ioshe bati na kumwagika, ndipo akinge. Na siku ambazo wingu la mlima limelala juu ya kijiji, kama ana maji mengine, asikinge kabisa.

Moshi wetu wenyewe

Gesi mbili nilizozitaja ni za nchi. Moshi wa tatu ni wetu. Karibu kila nyumba ya Goma hupika kwa makaa, au makala kama tusemavyo hapa, katika mbabula iliyowekwa mlangoni au uani. Magunia ya makala huingia mjini kwa malori na kwa chukudu, baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali. Ongeza pikipiki, malori ya zamani, jenereta za maduka, takataka zichomwazo, na vumbi jeusi la lava linalosagwa na magurudumu. Vyote hivyo hutoa chembe ndogo sana, nyingine hazifiki sehemu mbili na nusu za milimeta moja iliyogawanywa mara elfu. Chembe hizo hazizuiwi na pua wala koo. Hufika chini ya mapafu na nyingine huingia katika damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikipunguza kiwango linachokishauri, toka mikrogramu 10 hata 5 kwa kila meta moja ya ujazo wa hewa, ikihesabiwa kwa wastani wa mwaka.

Mwaka wetu una vipindi vinne. Mvua hunyesha toka Septemba mpaka katikati ya Desemba, kisha huja kiangazi kifupi cha Januari na Februari. Mvua hurudi Machi mpaka Mei, ndipo huja kiangazi kirefu cha Juni, Julai na Agosti. Wakati wa mvua, kila manyunyu hushusha chembe chini, na ardhi yenye maji haitoi vumbi. Ndiyo maana asubuhi ya Aprili, mvua ikishakatika, Nyiragongo huonekana kana kwamba umesogea karibu. Wakati wa kiangazi hakuna wa kuosha. Vumbi huinuka, moshi hukaa, na usiku usio na mawingu hukifanya kile kifuniko cha hewa kuwa kigumu zaidi.

Tena kiangazi hutuletea moshi wa watu tusiowajua. Toka Juni mpaka Septemba nyika za kusini mwa ikweta, huko Katanga, Zambia na Angola, huchomwa moto kwa ajili ya mashamba na malisho. Desemba hata Februari ni zamu ya nyika za kaskazini mwa ikweta. Nchini Rwanda kuna kituo cha uchunguzi wa hewa juu ya mlima Mugogo, mbali na miji, na huko vipimo vimeonyesha kwamba masizi huongezeka katika vipindi hivyo viwili vya ukavu. Kwa kuwa kituo hicho kiko mlimani, moshi huo si wa jiko la jirani tu, umetoka mbali. Utandu wa rangi ya maziwa tuuonao juu ya ziwa mwezi wa Julai si ukungu wote.

Lakini msomaji asidhani kwamba wakati wa mvua mambo yote ni mema. Mvua huiosha hewa ya barabarani, na papo hapo huifukuza mbabula toka uani ikaingia ndani. Mama hupika ndani, milango imefungwa kwa ajili ya baridi, na usiku wengine huacha makaa yanawaka chumbani wapate joto. Makaa yawakayo mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa monoksidi ya kaboni. Gesi hii si ile ya mazuku. Haishuki chini, hujaa chumba kizima, hivyo aliyelala kitandani juu hana nafuu kuliko aliyelala chini. Nayo pia haina harufu. Huanza kwa kichwa kuuma na usingizi, na mtu hudhani amechoka tu, akalala asiamke. Basi kiangazi hatari kubwa ya moshi iko nje, na wakati wa mvua iko ndani.

Yatupasa kufanya nini?

Hatuwezi kuuhamisha mlima wala kuzikataza nyika za mbali zisiwake. Walakini mambo machache yako mikononi mwetu, na mengi hayana gharama.

Kwanza, anayenunua kiwanja upande wa magharibi akitazame alfajiri kutoka juu, wala si adhuhuri peke yake. Awaulize wenyeji wa zamani, hasa wachungaji na kina mama wachotao maji mapema. Baadhi ya mashimo yamewekewa vibao vya onyo. Kibao kisiondolewe kwa kuwa chapunguza bei ya shamba la mtu.

Pili, karibu na mahali pa mazuku watoto wasilale chini, na mifugo isifungwe shimoni usiku.

Tatu, mbabula iwashwe nje, kwenye kibaraza chenye paa wakati wa mvua, wala isilale chumbani na watu hata kama makaa yameonekana kufa.

Nne, wenye kifua kibovu, wazee na watoto wachanga wasikae karibu na barabara kubwa asubuhi na mapema katika Juni, Julai na Agosti. Sisi wanafunzi nasi twaweza kuomba mbio zetu za asubuhi za miezi hiyo zisogezwe mpaka alasiri, upepo wa ziwani unapokuwa umekwisha kusafisha uwanja.

Maneno ya mwisho ni kwenu, kaka zetu. Wengi wenu sasa ni walimu, waganga, mafundi wa kujenga na wafanya biashara. Mji wetu umebanwa na mpaka, ziwa na mlima, hivyo hukua kuelekea magharibi, na huko ndiko mazuku yaliko. Mtu maskini hupewa kiwanja cha chini kwa kuwa ni rahisi. Aliyesoma akinyamaza, mwenziwe hununua shimo akidhani ni shamba. Fundi aambiwaye ajenge mahali pabaya na aseme. Mwalimu na awafundishe watoto mishumaa mitatu. Siki, magadi na beseni hupatikana kila mahali.

Nasi tulioko shuleni tumekusudia kuanza daftari la hewa. Kila siku, saa kumi na mbili za asubuhi na saa nane za mchana, wanafunzi wawili wataandika joto la mahali pawili, moja chini uwanjani na moja juu ya mwinuko ulio nyuma ya mabweni, na kama Nyiragongo waonekana au la. Baada ya mwaka mmoja tutajua ni asubuhi ngapi ambazo kifuniko kilikaa juu yetu, na katika miezi gani. Daftari tunalo na zamu zimekwisha kupangwa. Tumepungukiwa na vipimajoto viwili, na kaka ye yote atakayeweza kutusaidia, tutaweka jina lake katika ukurasa wa kwanza.